Chini ya Sinki la Gari-Nyumba

Kabati lilianza kunuka kabla sijaona hata tone. Gari letu la safari, lenye kitanda, jiko na choo humo humo, tulilinunua huku Minnesota likiwa limekwisha zeeka. Nikalala chali, nikamulika tochi: chujio la sinki limeota kutu ukingoni, na mpira wake umekauka hadi unapukutika ukiugusa kwa kidole.

Nyumba ya kawaida haitikisiki. Hii hutikisika kila maili, na nati za plastiki hulegea zenyewe. Hizo nilizifungua kwa mkono. Kazi ilikuwa nati kubwa ya chuma inayokaza chujio. Ilitaka nusu siku, mafuta ya kulainishia kutu, na mke wangu juu akilishika chujio lisizunguke.

Chujio jipya nililipaka silikoni. Ule udongo laini wa mafundi bomba hufaa kwenye sinki la chuma, lakini huweza kuharibu plastiki, na sinki letu ni la plastiki.

Na ule mkunjo wa paipu, tafadhali, usiuondoe ili kupata nafasi ya sufuria! Maji yanayobaki humo ndiyo yanayozuia harufu ya tangi la maji machafu isipande ndani. Baridi ikikaza huganda na kupasua paipu, kwa hiyo kabla ya theluji mimi humimina humo dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya waridi.

Mwishowe nikazungushia kila kiungo karatasi ya chooni, nikajaza sinki, nikavuta kizibo. Karatasi zote zikabaki kavu.