Sheria ya Dawa za Kulevya na Dhamiri ya Mkristo



Wapendwa katika Kristo, miongoni mwa maswali ambayo wazazi hutuletea baada ya Misa, moja huulizwa kwa sauti ya chini na kwa machozi: “Padre, mwanangu anatumia unga. Nikimpeleka hospitali, si atakamatwa?” Hofu hiyo imewafanya wengi wawafungie watoto wao ndani hadi hali ikawa mbaya zaidi. Yafaa basi tuelewe sheria ya nchi yetu inataka nini, kisha tuzipime dhamiri zetu.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara iliongozwa na sheria ya mwaka 1995, iliyounda Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa za kulevya. Tume hiyo haikuwa na meno: haikuweza yenyewe kukamata wala kupekua. Wakati huohuo heroini itokayo Afghanistan iliendelea kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi na kuingia katika pwani yetu, nayo haikupita tu kwenda nchi nyingine, bali sehemu yake ilibaki mitaani mwetu. Ndipo Bunge lilipotunga Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka yenye uwezo wa kuchunguza, kupekua, kukamata na kuzuia mali. Sheria hiyo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2017. Zanzibar ina sheria yake.

Sheria hii ni kali kwa mfanyabiashara wa dawa. Anayesafirisha kiasi kikubwa anakabiliwa na kifungo cha maisha, na hata kwa kiasi kidogo kifungo ni miaka 30. Haimgusi mwenye mzigo peke yake. Anayelima bangi au mirungi ana hatia, na mwenye shamba anayeruhusu kilimo hicho ana hatia pia. Mwenye nyumba anayejua kwamba chumba chake ni kijiwe cha kutumia au kuuza dawa, akanyamaza kwa sababu kodi inalipwa, naye yumo. Tena mali iliyopatikana kwa biashara hiyo yaweza kutaifishwa.

Kutumia dawa ni kosa pia, lakini adhabu ya mtumiaji hailingani hata kidogo na ile ya msafirishaji. Zaidi ya hayo, Mamlaka haikupewa kazi ya kukamata tu. Imepewa pia jukumu la kuratibu kinga, tiba na utengamao wa waraibu. Tiba ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na leo inapatikana pia katika mikoa mingine, kama vile Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Mraibu wa heroini hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo, na hupokelewa kama mgonjwa. Hilo ndilo jibu letu kwa mzazi aliyeuliza: usimfiche mwanao, mpeleke.

Wapo waamini wanaosema kwamba methadoni ni kubadilisha dawa moja ya kulevya kwa nyingine, na kwamba Mkristo anapaswa kusali tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inafundisha kuwa kutumia dawa za kulevya ni kosa zito kwa sababu kunaharibu afya na uhai, lakini inaondoa katika hukumu hiyo matumizi yaliyo ya tiba hasa. Methadoni inayotolewa na daktari kwa kipimo ni tiba. Sala haishindani nayo. Inamtia mgonjwa nguvu ya kurudi kesho kuinywa.

Namba hiyohiyo inawalaumu kwa ukali watengenezaji na wachuuzi wa dawa hizo, kwa kuwa wanawashawishi wengine watende maovu. Basi sheria ya nchi na mafundisho ya Kanisa yanakubaliana: mfanyabiashara na mraibu hawako katika mizani moja.

Je, sisi katika parokia zetu tunawapima hivyo? Tukubali ukweli. Kijana mraibu akiingia kanisani, tunashika mikoba yetu na kumwita teja. Mtu ambaye mtaa mzima unajua alivyoutajirika kwa unga akija kwenye harambee ya ujenzi, tunampigia vigelegele na kumketisha mbele. Tumeigeuza mizani juu chini: tumemwadhibu mgonjwa na kumheshimu aliyemwambukiza. Zakayo hakuombwa mchango. Aligeuka kwanza, akarudisha mara nne alichodhulumu. Tukiwa na sababu ya kweli ya kujua kwamba fedha imetoka katika biashara hiyo, sisi mapadre na halmashauri za walei tuikatae, hata kama paa la kanisa litachelewa. Si vema kuezeka nyumba ya Mungu kwa machozi ya mama wa jirani.

Kuna pia ukimya. Kumficha mwuzaji kwa sababu ni ndugu au mpangaji mzuri ni kushiriki uovu wake. Anayeogopa kwenda kituoni anaweza kuipigia Mamlaka kwa namba 119, bila malipo. Lakini tusitoe taarifa kwa chuki wala kwa uvumi, maana kumsingizia mtu kosa lenye kifungo cha maisha ni dhambi kubwa.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zifanye jambo moja mwezi huu: kila jumuiya itambue familia yenye mraibu, iitembelee bila maswali ya umbea, na imtafute mtu wa kumsindikiza mgonjwa kliniki. Siku za kwanza ndizo ngumu. Mama peke yake huchoka, na nauli ya kila siku humwishia. Mtakatifu Monika alimlilia mwanae kwa miaka mingi, na Mungu akamsikia. Wamonika wa parokia zetu wasilie peke yao.