Mbele ya kubadirisha Windows, tuchunge karatasi zetu

Bandugu wafanyakazi, mu ordinatere ya sindika muko karatasi za mushahara, kontra, karatasi za munganga. Siku ya mambo na kampuni pa tribinali ya kazi, ile ndiyo ushahidi wetu.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutengeneza bure usalama wa Windows 10. Wengi sasa wanapeleka mashini kwa fundi. Fundi akisema «formater», mumusimamishe kwanza: formater ni kufuta yote.

Kwanza, mukopie fishie zote ku disiki ya inje. Mufungue mbili tatu pa mashini ingine, muone kama zinasomeka. Kisha mutoe ile disiki, muiweke mbali.

Pili, wakati wa kupanda Windows 11 kutoka ndani ya Windows 10, ekra inauliza muchunge nini. Muchague kuchunga fishie na programu. Musifinye «Rien», maana ni kusema: hatuchunge kitu.

Lakini umeme ikikatika katikati, kopi ndiyo itatuokoa. Mashini ingine tutanunua. Karatasi ya mushahara ya 2014 haiuzwe ku soko.