Je, Wajua? Kwa nini barua ya bei ya asali huishia kwenye taka

Je, wajua kwamba tangazo la kwanza la biashara kutumwa kwa barua pepe kwa watu wasioliomba lilitoka Mei 1978? Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwaandikia watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, akiwaalika waje California waone mashine mpya. Anwani zilizidi nafasi iliyotengwa, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wasimamizi wa mtandao walikemea vikali. Thuerk mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mashine ziliuzika, na wengine wakaona njia.

Je, wajua kwamba leo karibu nusu ya barua pepe zote zinazotumwa duniani ni taka? Google imesema Gmail peke yake huzuia takriban bilioni 15 kila siku. Kwa hiyo mzalishaji wa mafuta ya alizeti wa Singida anapomtumia mwenye duka wa Dar es Salaam bei za mwezi, barua yake inachujwa na mashine ileile inayochuja matapeli. Mashine hiyo haijui kwamba alizeti yake imekamuliwa wiki iliyopita wala kwamba mteja huyo hununua kwake kila mwaka. Inaangalia mambo mengine kabisa, na mengi ya hayo yako ndani ya uwezo wa mtumaji.

La kwanza ni uthibitisho wa mtumaji. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe tunaoutumia hadi leo, SMTP, uliandikwa na Jon Postel Agosti 1982, na haukumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Ni kama bahasha ya posta: nyuma yake unaweza kuandika jina la mtu yeyote, na karani ataipiga muhuri na kuisafirisha. Ndiyo maana tapeli anaweza kutuma barua yenye anwani ya kampuni yako bila kugusa kompyuta yako.

Je, wajua kwamba tundu hilo lilianza kuzibwa rasmi baada ya zaidi ya miaka 20? SPF, iliyochapishwa mwaka 2006, ni mstari mmoja wa maandishi unaowekwa kwenye rekodi za kikoa chako, yaani lile jina linaloishia na .co.tz au .com. Mstari huo hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Unaweza kuwa mfupi hivi: v=spf1 mx -all. Maana yake ni kwamba seva zinazopokea barua zetu ndizo pia zinazotuma, na nyingine yoyote ikataliwe. DKIM ikafuata mwaka 2007. Hiyo hutia kila barua saini ya kihesabu, na mpokeaji akiikagua anajua kama barua imeguswa njiani. DMARC ilitangazwa mwaka 2012, nayo humwambia mpokeaji afanye nini barua isipofaulu vipimo hivyo viwili: p=none, iache ipite ila niletee ripoti kwenye anwani niliyoitaja; p=quarantine, itupe kwenye taka; p=reject, irudishe.

Anza na p=none. Wengi hukimbilia p=reject siku ya kwanza, halafu ankara zao wenyewe zinazotumwa na programu ya uhasibu zinagoma kufika, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitaja programu hiyo kwenye SPF. Soma ripoti kwa wiki kadhaa, ujue nani anatuma kwa jina lako, ndipo ukaze. Na ujue pia kwamba SPF hairuhusu kuulizia rekodi nyingine zaidi ya mara 10. Ukirundika humo kila huduma uliyowahi kuijaribu, inavunjika.

Chukua chupa ya asali inayouzwa kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida. Nyingi zina lebo nzuri: picha ya nyuki, jina la kikundi, namba ya simu, na chini kabisa anwani inayoishia na gmail.com au yahoo.com. Kwa mawasiliano ya mtu na mtu hakuna ubaya. Tatizo linaanza pale kikundi kinapojiunga na huduma ya kutuma matangazo kwa wingi na kuiagiza itume kwa jina la anwani hiyohiyo. Je, wajua kwamba Yahoo ilifunga mlango huo Aprili 2014? Iliweka p=reject kwenye kikoa chake, na barua yoyote inayodai kutoka yahoo.com huku imetumwa na seva isiyo ya Yahoo ikaanza kurudishwa. Hakuna fundi anayeweza kukutengenezea SPF ya yahoo.com, kwa sababu kikoa si chako. Kwa maoni yangu, kwa biashara ndogo ya Singida, jina lake lenyewe la .co.tz lina faida kubwa kuliko tangazo lolote la kulipia. Likiwa lako, sifa unayoijenga inabaki kwako hata ukihama huduma.

Majina ya .tz yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huuzwa na mawakala iliowasajili.

Je, wajua kwamba Februari 2024 Google na Yahoo zilibadilisha masharti kwa pamoja? Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na amtoe aliyejiondoa ndani ya siku 2. Microsoft iliweka masharti ya aina hiyo kwa Outlook Mei 2025. Usiseme 5,000 ni mbali nawe. Hata mtumaji mdogo Google inamtaka awe na SPF au DKIM, na inamtaka kila mtu abaki chini ya kiwango kimoja cha malalamiko: asilimia 0.3.

Hebu tukae kidogo na namba hiyo. Asilimia 0.3 ni watu 3 katika kila 1,000 waliobonyeza kitufe cha kuripoti taka. Kikundi chenye orodha ya wateja 300 kikiudhi mtu mmoja tu, kimeshavuka. Mwenye orodha ya watu 100,000 ana nafasi ya kukosea, wewe mwenye 300 huna. Kwa hiyo swali la nani yumo kwenye orodha yako linazidi kwa mbali swali la barua imepambwa vipi.

Na majina hutoka wapi? Kila Agosti wakulima na wasindikaji wa Singida na Dodoma hukutana viwanja vya Nzuguni, Dodoma, kwa Nane Nane ya Kanda ya Kati. Mezani kwenye banda kuna daftari la wageni: jina, anakotoka, simu, barua pepe, sahihi. Mgeni ameandika kwa adabu, kwa kuwa ameombwa. Wengine ni wanafunzi, wengine maofisa waliokuwa kwenye msafara. Wiki mbili baadaye daftari zima linachapwa kwenye kompyuta na wote wanaanza kupokea matangazo. Hapo ndipo malalamiko huzaliwa. Ongeza safu moja tu kwenye daftari: "Nitumieni bei zenu kwa barua pepe", ndiyo au hapana. Chapa wale wa ndiyo peke yao. Orodha itapungua sana, na barua zitaanza kufika.

Mwandiko nao una hasara zake. Herufi moja ikisomwa vibaya, anwani haipo, barua inarudi. Barua nyingi zikirudi kwa mkupuo mmoja, mashine inahitimisha kwamba umenunua orodha mahali. Anwani iliyorudisha barua kwa kuwa haipo, ifute siku hiyohiyo. Usiijaribu tena mwezi ujao.

Je, wajua kwamba baadhi ya anwani ni mitego? Ni anwani zilizotelekezwa miaka mingi na kufufuliwa, au ambazo hazikuwahi kuwa na mwenyewe. Hakuna aliye hai anayeweza kukuomba uziandikie. Ukizitumia barua, umejianika. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998, huchapisha orodha za watumaji wabaya, na watoa huduma wengi duniani huzitazama kabla ya kupokea barua yoyote. Kuingia humo ni rahisi. Ukihifadhi tovuti yako kwenye seva ya bei ya chini pamoja na mamia ya wengine, jirani mmoja akituma taka, namba ya seva inachafuka kwenu nyote.

Kinyume chake pia ni kweli. Novemba 11, 2008, kampuni moja tu ya kuhifadhi seva huko California, McColo, ilikatiwa mtandao. Taka zilishuka ghafla dunia nzima, kwa zaidi ya nusu, kabla ya wahusika kupata pa kuhamia.



Je, wajua kwamba maneno ya barua si hatari kama watu wanavyodhani? Tangu mwanaprogramu Paul Graham aeleze Agosti 2002 jinsi ya kuchuja taka kwa hesabu za uwezekano, mashine zimekuwa zikijifunza kutoka kwa wasomaji wenyewe: wanachokifungua, wanachokijibu, wanachokitupa. Neno "ofa" peke yake halikuui. Lakini kichwa chote kwa herufi kubwa, OFA KABAMBE na alama 4 za mshangao, kinamfanya msomaji atupe bila kusoma, na mashine inamwona akitupa.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye matangazo yetu ni lile bango. Mtu ametengeneza picha nzuri ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp, kisha anaichukua ileile na kuibandika kwenye barua pepe bila neno hata moja pembeni. Mashine haioni chochote cha kusoma, ila picha kubwa na pengine kiungo kilichofupishwa, na huo ndio mtindo wa matapeli wanaoficha maneno yao ndani ya picha. Andika bei kwa maandishi: gunia la vitunguu kwenye soko la Misuna, Singida, leo ni kiasi gani, lita 20 za alizeti kiasi gani, usafiri nani analipa. Picha iwe moja na ndogo. Barua yenyewe, bila kuhesabu picha, ikizidi kilobaiti 102, Gmail huikata mwishoni, na kiungo cha kujiondoa kilichokaa chini kinafichwa. Msomaji asipokiona, atabonyeza kitufe cha taka.

Je, wajua kwamba kuweka anwani za wateja wote kwenye sehemu ya "Kwa" ni kuwaanika? Kila mmoja anaona anwani ya mwenzake, akiwemo mshindani wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu hapo, na inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kabla yake, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilishasema tangazo la biashara lisiloombwa haliruhusiwi mpaka mteja awe ameridhia, mtumaji ajitaje mwanzoni mwa ujumbe, na mteja apewe njia ya kukataa. Ukiiweka pembeni ya masharti ya Google ya mwaka 2024, utaona hapa kwetu tulikwisha kuyaandika yaliyo ya msingi.

Ukiwa na mnunuzi Marekani, sheria yao iliyoanza 2004 inataka anwani yako halisi ya posta iwe ndani ya kila tangazo. Tumia anwani yako ya makazi: namba ya nyumba, jina la barabara, kata, na postikodi, ambayo kwa Singida huanza na 43.

Je, wajua kwamba idadi ya "waliofungua" unayoonyeshwa na huduma ya kutuma barua haiaminiki tena? Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha za barua kwa niaba ya mtumiaji aliyewasha ulinzi wake, hata kama hajaisoma, na hesabu inamhesabu kuwa amefungua. Hesabu majibu na oda.

Kupima uthibitisho wako hakuhitaji fundi wala malipo. Jitumie tangazo kwenye Gmail yako, lifungue kwa kompyuta, bofya vidoti vitatu pembeni, chagua kuonyesha barua ya asili. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja na neno PASS au FAIL. Ikiwepo FAIL hata moja, usitume kwa wateja siku hiyo. Mpelekee aliyekutengenezea tovuti picha ya ukurasa huo.

Na kikoa kipya hakina sifa, iwe nzuri au mbaya. Siku ya kwanza kikituma barua 2,000, kinafanana na cha tapeli aliyekinunua jana. Anza na wateja walionunua msimu uliopita, makumi machache kwa siku, na uwaulize jambo linalohitaji jibu: asali ya safari hii wanaitaka kwenye ndoo au chupa? Tuma kwa anwani inayopokea majibu, usitumie ile ya "usijibu". Akijibu mara moja, barua yako inayofuata ina nafasi nzuri ya kumfikia. Asiyefungua wala kujibu kwa miezi 6, mwandikie mara moja kumuuliza kama bado anataka. Akinyamaza, mtoe.