Msiba uko huku, mama yuko nyumbani: tunapoonyesha shughuli zetu moja kwa moja

Na Mwandishi Wetu, London

MAMA mmoja wa makamo alikaa Tanga mbele ya simu ya mjukuu wake, akisubiri kumuona mwanawe akizikwa Uingereza. Viza ya kuja huku isingepatikana kwa siku mbili, na maiti ya Kiislamu haisubiri. Kilichobaki kwake kilikuwa kioo cha simu.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa walioshika simu upande wa huku. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati sheria za korona England ziliporuhusu watu wasiozidi 30 mazishini. Ndugu na jamaa wengine wote, wa hapa na wa nyumbani, walitegemea simu ile.

Picha ilikuwa safi kabisa. Sauti ilikuwa upepo mtupu. Mama yule aliona midomo yetu ikitikisika, kuanzia talkini mpaka dua ya mwisho, bila ya kusikia neno. Alipopigiwa jioni hakulalamika. Aliuliza tu mwanawe ameombewa dua gani.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba kurusha shughuli moja kwa moja kwenye mtandao si jambo la mbwembwe. Ni kiti tunachomwekea mtu ambaye hakuweza kufika. Na kama ni kiti, basi kiwekwe mahali atakaposikia.

Tulikotoka

Wazo hili si geni. Mwaka 2007 huko Marekani ilianzishwa huduma ya Ustream, na waasisi wake waliwafikiria wanajeshi waliokuwa Iraq ambao walitaka kuzungumza na jamaa wengi kwa mpigo mmoja.

Wakati huo kwetu Afrika Mashariki intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa ghali na ya kukatikakatika. Mambo yalianza kubadilika Julai 2009, mkonga wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi na kufika Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2016 Facebook iliwafungulia watumiaji wa kawaida matangazo ya moja kwa moja. Hapo harusi, maulidi, misiba na mikutano ya jumuiya zetu vikaanza kuonekana hadi vijijini.

Sauti, saa na bando

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kuhangaikia picha. Mtu wa nyumbani atavumilia picha yenye ukungu, lakini hotuba isiyosikika haina maana kwake. Kama ukumbini kuna mitambo ya sauti, mwombe fundi akupe waya wa kutoka kwenye mashine yake. Kama hakuna, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo ya msemaji, chenye sifongo ya kuzuia upepo, kitafanya kazi nzuri kuliko simu iliyosimama mita kumi nyuma.

Kosa la pili ni saa. Tangazo likisema "saa 3:00 mchana" kwa saa za London, bibi wa Pemba atashangaa, maana saa tatu yake ni asubuhi. Wakati wa kiangazi saa hiyo kwake ni kumi na moja jioni, na wakati wa baridi ni saa kumi na mbili, kwa sababu Uingereza hubadilisha saa na nyumbani hawabadilishi. Andika saa ya Afrika Mashariki, kwa Kiswahili, na uitangulize.

Kosa la tatu tunalijua wote, ila hatulisemi. Kadi inasema saa kumi, watu wanaingia saa kumi na mbili. Aliyeko ukumbini anapiga soga na kula sambusa. Aliyeko nyumbani anatazama viti vitupu huku bando likiyeyuka.

Hesabu yake ni rahisi. Picha ndogo ya kasi ya megabiti 0.7 kwa sekunde hula takriban megabaiti 315 kwa saa. Saa mbili za viti vitupu ni zaidi ya megabaiti 600, na mzee aliyeunga vocha ya siku moja huenda akakatikiwa kabla bibi harusi hajaingia. Basi usifungulie matangazo mpaka shughuli ianze. Watumie ujumbe kwamba mtachelewa.

Nani anaonekana

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Ukumbini tunajuana; mtandaoni hatuwajui wanaotutazama. Katika shughuli zetu huwapo mtu ambaye makaratasi yake bado yako uhamiaji, aliyeomba ruhusa kazini kwa kusema anaumwa, au aliyemkimbia mume mkorofi na hataki ajulikane anaishi mji gani. Wote hao wamekuja kula pilau, hawakuja kutangazwa.

Wapo pia kina mama waliovua buibui kwa kuwa ukumbi ni wao peke yao. Kamera isiingie huko, hata kwa dakika moja, hata kama mwenye shughuli mwenyewe ndiye aliyeomba, maana nyuma yake wapo wengine ambao hawakuulizwa.

Dawa yake haina gharama. Bandika karatasi mlangoni, mshereheshaji atangaze mwanzoni, na utengwe upande wa viti ambao kamera haitageukia. Watoto wasionyeshwe bila ya wazazi wao kukubali.

Aidha, kuna matapeli wanaovizia misiba. Hubandika viungo bandia vya "mazishi moja kwa moja" na kumtaka mfiwa aandike namba ya kadi ya benki ili atazame. Kiungo cha kweli kitoke kwa mtu mmoja anayejulikana na familia, na kila mtu aambiwe mapema kwamba kutazama hakulipiwi.

Tujiandae kabla ya msiba

Msiba haupigi hodi. Anayefungua chaneli ya YouTube leo anaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kuruhusiwa kurusha kwa mara ya kwanza, na kwa kutumia simu anatakiwa awe na wafuasi wasiopungua 50. Jumuiya ambayo haijafungua chaneli yake itajikuta inahangaika wakati jeneza liko mlangoni. Ifungueni sasa, wateueni vijana wawili, na wafanye majaribio katika mkutano wa kawaida.

La mwisho ni kumbukumbu. Tangu tarehe 19 Februari 2025 Facebook huhifadhi matangazo mapya ya moja kwa moja kwa siku 30 tu, kisha huyafuta. Wengi wetu tunadhani tukisharusha, basi imekaa milele. Haikai.

Fanya hesabu mwenyewe: msiba ulioonyeshwa leo utakuwa umeshafutwa siku kumi kabla ya arobaini. Siku ambayo familia inakusanyika tena kusoma hitima, na mama anataka kumuona mwanawe mara moja zaidi, atakuta ukurasa mtupu.

Kwa hiyo kabla hujalala siku hiyo, pakua mkanda wote, uweke nakala sehemu mbili, na moja umpe anayesafiri aipeleke nyumbani. Mama wa Tanga hatukuweza kumpa dua ile kwa sauti. Tulimwandikia kwenye karatasi, naye mjukuu akamsomea. Tusimfikishe mama mwingine huko.