Vikombe Juu ya Paa la Treni ya SGR: Kazi Yake ni Nini, na Kwa Nini Vumbi na Umande ni Adui Wake?

Ukiwa juu ya daraja na treni ya umeme ya SGR ikapita chini yako, angalia paa lake vizuri. Utaona vitu vyenye mikunjo mikunjo, kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wengi hudhani ni springi. Kumbe ndivyo vinavyowakinga abiria na umeme wa volti 25,000.

Mafundi wa umeme huviita vikombe. Vitabuni vinaitwa vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme.

Umeme unaingiaje kwenye treni?

Waya wa juu kwenye reli ya Dar es Salaam hadi Dodoma una volti 25,000. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya umeme wa nyumbani, ambao ni volti 230.

Mkono wa chuma ulio juu ya paa, uitwao pantografu, unausugua waya huo na kuchukua umeme. Umeme unapita kwenye swichi kuu hadi kwenye transfoma ya treni. Njia yake ya kurudi ni magurudumu na reli.

Sasa fikiria hivi: paa ni chuma, na limeungana na magurudumu, ambayo yako kwenye reli. Pantografu ina umeme mkali, paa liko sawa na ardhi. Vikikutana ni shoti kubwa. Kinachoishikilia pantografu isigusane na paa ni vikombe hivyo tu.

Mikunjo ni ya nini?

Kikombe kizima ni vigumu umeme kupenya katikati yake. Hatari iko nje: umeme hutafuta njia ya kutambaa juu ya ngozi yake. Mikunjo inairefusha njia hiyo, kama barabara ya kona kona inavyopanda mlima.

Chukua mfano. Waya wa volti 25,000 unaruhusiwa kupanda hadi volti 27,500 kwa muda mrefu. Mhandisi akiamua kila volti 1,000 ipewe milimita 40 za njia, anahitaji milimita 1,100, zaidi ya mita moja. Kwa msaada wa mikunjo, njia hiyo yote inaenea kwenye kikombe kisichofika hata nusu mita.

Adui ni vumbi lililolowa

Vumbi kavu peke yake halina shida sana. Mvua kubwa nayo inasaidia, maana inaosha. Tatizo ni manyunyu, ukungu au umande wa alfajiri. Vumbi na chumvi vikilowa kidogo tu, vinageuka utando unaopitisha umeme. Umeme unaanza kutambaa, cheche zinatokea, mwisho unaruka mpaka kwenye paa. Mitambo ya kituo cha umeme inakata, treni inasimama.

Treni inayotoka Dar es Salaam kwenye hewa ya chumvi ya bahari, ikaenda Dodoma kwenye ukame na vumbi, inakutana na vyote viwili.

Ndiyo maana siku hizi vikombe vingi duniani havitengenezwi kwa kauri tu, bali hata kwa mpira wa silikoni. Maji juu ya silikoni yanakuwa matone matone, kama kwenye jani la magimbi, hayatandazi. Zaidi ya hapo, silikoni hutoa mafuta kidogo yanayopenya kwenye uchafu uliotua juu yake, na uchafu huo nao unaanza kukataa maji.

Chuma kinachobanwa kikiwa baridi

Ndani ya kikombe cha silikoni kuna fimbo ngumu ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Kila mwisho una kofia ya chuma inayofungwa kwa bolti. Kofia hiyo haichomelewi, kwa sababu moto ungeiharibu fimbo. Inavishwa, halafu mashine inaibana kwa nguvu kutoka pande zote, chuma kikiwa baridi.

Chuma kikikandamizwa vya kutosha hutiririka polepole kama unga wa tambi kwenye mashine, bila kuyeyuka. Kikishatulia kwenye umbo jipya hakirudi, tena kinakuwa kigumu zaidi. Ukikunja waya mara kadhaa utaona unavyokakamaa. Ni jambo lile lile.

Lakini kipimo lazima kiwe sawasawa. Ukibana kidogo, fimbo itachomoka. Ukizidisha, nyuzi za kioo zinapasuka ndani, na kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana viwanda vingine huweka vifaa vya kusikiliza mlio wa nyufa wakati wa kubana.

Sehemu hiyo ikiacha upenyo, maji yanaingia. Maji pamoja na cheche hutengeneza asidi inayokula nyuzi, na siku moja fimbo inakatika ghafla. Hivyo mkaguzi wa vikombe haangalii mikunjo tu. Anaangalia pia pale mpira unapokutana na chuma.

Ngedere, bundi na binadamu

Mwishoni mwa Julai 2024, Shirika la Reli Tanzania lilitaja ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme iliyochelewesha treni. Watu wengi walicheka, lakini kitaalamu inawezekana. Ndege akitua kwenye waya peke yake hapati kitu. Mnyama akigusa waya na nguzo kwa pamoja, mwili wake unakuwa njia ya mkato na kikombe hakina kazi tena.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Umeme wa volti 25,000 unaweza kuruka hewani ukamfikia mtu kabla hajagusa waya. Kwa hiyo usipande juu ya treni au behewa lolote chini ya waya, hata kama limesimama. Usipitishe bomba, fito au ngazi ndefu karibu na waya. Na ukiona waya umeanguka, kaa mbali, wazuie watoto, kisha toa taarifa kwa wahusika.