Fungu la Diski Lililopotea Baada ya Kubadili Mfumo wa Kompyuta, na Namna ya Kulitafuta



Zamani khabari zote za karafuu zilikaa katika daftari mbili, moja ya mizani na moja ya wachumaji. Siku hizi vyama na vikundi vingi vimezihamisha hesabu hizo katika kompyuta: mchumaji amechuma pishi ngapi, mwanachama amepeleka kilo ngapi kituoni, nani amepewa miche, nani amekopeshwa fedha za kupalilia kabla ya msimu, na amekwisha lipa kiasi gani. Jambo hili ni zuri, kwani hesabu iliyokuwa ikichukua siku tatu sasa hufanywa kwa saa moja. Lakini hesabu ikikaa pahala pamoja tu, na pahala hapo pakaharibika, haki za watu wengi huingia katika khatari siku moja. Mwenye mali yake hana tena la kuonesha, na mwenye kudaiwa hana tena la kukumbushwa.

Jambo hili lataka kuangaliwa sasa khasa, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa njia yake ya kawaida, na watu wengi wanazibadili kompyuta zao kuingia Windows 11. Katika kubadili huko hutokea mtu akaiwasha kompyuta, akaona kila kitu ni kipya na kizuri, ila lile fungu la diski alilokuwa akiweka hesabu zake, ambalo kwa desturi huitwa D, halipo. Watu wengi papo hapo husema, "Vyote vimekwisha." Mara nyingi sivyo. Yafaa kwanza tufahamu ni kitu gani kilichopotea.

FUNGU LA DISKI NI NINI

Diski ya kompyuta ni kama shamba moja kubwa lililogawiwa vipande. Kila kipande mafundi hukiita patisheni, nasi hapa tutakiita fungu. Shamba likigawiwa, miti haihami. Kinachofanyika ni kuandikwa mipaka: kipande hiki chaanzia hapa na chaishia pale. Diski nayo ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwake pana orodha ndogo ya mipaka, na kompyuta ikiwashwa huisoma orodha hiyo ndipo ijue mafungu ni mangapi na yako wapi.

Orodha ya namna ya zamani, iitwayo MBR, ilianza kutumika mwaka 1983. Hukaa katika sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, na katika hizo ni baiti 64 tu zilizo za mipaka, yaani baiti 16 kwa kila fungu, na mafungu makuu hayazidi 4. Angalieni udogo wake. Baiti 64 ni kitu kidogo sana, lakini zikifutika, hesabu za miaka 10 hazionekani. Orodha ya namna mpya, iitwayo GPT, kwa kawaida ina nafasi ya mafungu 128, na tena ina nakala yake ya pili mwishoni mwa diski.

Kwa hivyo mtu akichana ukurasa wa daftari ulioandikwa mipaka ya shamba, mikarafuu haing'oki. Ipo vile vile, inangoja mtu aje aipime mipaka upya. Khatari ni pale mtu anapodhani shamba ni tupu, akaingia na shoka kufyeka na kupanda muhogo.

KWA NINI FUNGU HUPOTEA

Sababu ziko kadha wa kadha. Ya kwanza ni nyepesi: fungu lipo zima, ila limepoteza herufi yake, ile D au E, na kwa hivyo halioneshwi. Mwaka 2018 toleo moja la Windows 10 lilikuja na kosa la namna hii kinyume chake, likalipa herufi fungu la siri ambalo halikupasa kuonekana, na watu wakashangaa kuona fungu jipya lililojaa ambalo hawakulifanya wao.

Sababu ya pili ni kuwa mfumo mpya wenyewe hugusa mipaka. Mara nyingine hupunguza fungu moja ili upate nafasi ya fungu la kujiokoa. Umeme ukikatika wakati huo, kazi hukatika njiani. Sisi Pemba tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na ni neema kubwa kuliko zile mashine za dizeli za zamani. Lakini umeme wa po pote pale duniani hukatika, na kompyuta isiyo na betri haina la kujitetea.

Sababu ya tatu ni mkono wa mtu. Kompyuta nyingi za zamani zina orodha ya MBR, na Windows 11 hutaka diski inayoiwasha iwe na GPT. Iko programu iitwayo MBR2GPT ambayo huigeuza orodha bila ya kufuta hesabu. Lakini fundi mwenye haraka hutumia amri ya kusafisha diski nzima, kisha akaweka mfumo mpya juu yake. Hapo mipaka yote hufutika kwa mara moja.

Sababu ya nne si kupotea bali ni kufungwa. Kompyuta nyingine huziba diski kwa kufuli iitwayo BitLocker, na baada ya mabadiliko hutaka ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hana njia, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa hivyo ufunguo huo uandikwe katika karatasi kabla ya kubadili cho chote.

Wala watu wasidhani kuwa makosa haya huwapata wasiojua tu. Toleo la Windows 10 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2018 lilifuta mafaili ya baadhi ya watu, na siku chache baadaye Microsoft wenyewe wakalisimamisha, mpaka lilipotengenezwa na kutolewa tena tarehe 13 Novemba 2018.

MAMBO YA KUFANYA, KWA UTARATIBU

Kwanza, acheni. Msiandike kitu cho chote katika diski hiyo. Msiweke programu mpya, msinakili picha, msifungue intaneti kwa kompyuta hiyo. Kompyuta ikisema fungu halisomeki na ikauliza kama ilifomati, jibu ni hapana. Ikitaka kulisahihisha, jibu pia ni hapana. Na kama diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, zimeni mara moja. Hayo ni maradhi ya chuma, si ya orodha, na kila dakika inayopita yazidisha khasara.

Pili, tazameni. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha mchague Disk Management. Hapo diski huoneshwa kama kipande kirefu kilichogawiwa. Yaweza kuonekana moja katika mambo matatu. Fungu lipo na limeandikwa jina lake, ila halina herufi: basi lipeni herufi, na kazi imekwisha. Au fungu lipo lakini limeandikwa RAW: maana yake mpaka unajulikana, lakini ukurasa wa kwanza wa fungu lenyewe umeharibika. Au pahala pake pameandikwa Unallocated, yaani ardhi isiyo na mwenyewe: maana yake mpaka umefutika. Katika hali hizi mbili za mwisho msifanye fungu jipya hapo. Tazameni pia folda iitwayo Windows.old katika fungu la C, kwani mfumo mpya huweka humo vitu vya zamani kwa siku chache, kwa kawaida siku 10, na mara nyingi yaliyodhaniwa kupotea yamo humo.

Tatu, fanyeni nakala ya diski nzima kabla ya kutibu. Tafuteni diski nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, na fundi atumie programu kama ddrescue, iliyo bure, kunakili kila kitu kama kilivyo, hata pale panapoonekana patupu. Kazi hii yaweza kuchukua siku nzima, na wengi huiruka. Lakini mwenye nakala akikosea hurudia, na asiye nayo akikosea amekwisha.

Nne, tafuteni mipaka. Iko programu iitwayo TestDisk, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier, nayo haiuzwi. Iwekwe katika kompyuta nyingine, na diski yenye maradhi ifungwe huko. Programu hii haitegemei orodha iliyofutika. Huenda hatua kwa hatua katika diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila fungu, mfano wa mzee ajuaye shamba, atembeaye akitafuta mti wa mpaka. Mnachagua diski, mnakubali namna ya orodha inayopendekeza, mnachagua Analyse, kisha Quick Search. Ikionesha fungu, bonyezeni P ili mtazame mafaili yaliyomo. Mkiyaona majina ya hesabu zenu, msikimbilie kuandika mpaka. Yanakilini kwanza kwa herufi C mpaka katika diski nyingine, myafungue, mhakikishe yanasomeka. Baada ya hapo ndipo mchague Write, na mwashe kompyuta upya. Kama halikuonekana, iko Deeper Search, ambayo hutafuta kwa undani na kwa muda mrefu zaidi. Na fungu lililoandikwa RAW, programu hiyo hiyo mara nyingi huliponya, kwa sababu mfumo wa NTFS huweka nakala ya ukurasa wake wa kwanza mwishoni mwa fungu.

Tano, kama hata mafungu hayakupatikana, iko PhotoRec, ndugu yake TestDisk. Hii haitafuti mipaka, huokota faili moja moja kwa kutambua umbo lake. Ni kama kuokota karafuu zilizopukutika chini: mtapata nyingi, lakini hamtajua ipi ya mti upi, maana majina ya mafaili hupotea. Itabidi kukaa na kufungua moja baada ya moja.

Yapasa kusema kweli kuwa yako yasiyorudi. Pahala palipoandikwa kitu kipya, cha zamani hakirudi. Na diski za namna mpya ziitwazo SSD zina desturi ya kujisafisha: fungu likifutwa au likifomatiwa, kompyuta huiambia diski kuwa pahala hapo pa bure, nayo husafisha yenyewe. Kwa diski hizo, kuizima kompyuta mapema ni bora kuliko ustadi wo wote.

KUHUSU FUNDI

Mkipeleka diski kwa fundi, mwambieni kwa maneno haya: asiandike cho chote katika diski hii, afanye nakala kwanza, na atuoneshe orodha ya mafaili kabla ya kupatana bei ya mwisho. Fundi asiyekubali haya, chukueni diski yenu mwende kwa mwingine. Tena mkumbuke kuwa ndani yake mna majina ya watu, namba zao za simu na madeni yao. Asiachiwe mtu bila ya mmoja wa kamati kujua.

KINGA

Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba kwa sehemu kubwa ilisalimika, na kwa kuwa ilisalimika karafuu ya Zanzibar haikufa. Lau mikarafuu yote ingekuwa kisiwa kimoja, leo tungekuwa tunazungumza jambo jingine. Hesabu zetu nazo zataka visiwa viwili.

Kwa hivyo kila kikundi kishike haya. Nakala ya hesabu iwekwe katika flashi au diski ya nje kila jioni ya siku ya mizani, na ichomolewe. Nakala nyingine ikae nyumba nyingine, bora mji mwingine: wa Kengeja aweke Mkoani au Chake Chake. Daftari la karatasi lisitupwe. Mwanachama atie saini yake humo kama zamani. Mfumo wa kompyuta usibadiliwe wakati karafuu ziko juu ya majamvi. Ungojwe msimu umalizike. Na siku ya kubadili, nakala ifanywe kwanza, diski ya nje ichomolewe, na kompyuta iwe na betri iliyojaa.

Vijana wetu wengi wamesoma, na wako waliopita katika skuli ya ufundi papa hapa Kengeja. Hatua hizi si ngumu kwao. Namwomba kila mwenye kushika hesabu za kikundi achukue makala haya, akae na kijana mmoja siku isiyo na kazi, wajaribu TestDisk kwa flashi ya zamani isiyo na kitu cha maana ndani yake. Mtu aliyekwisha jaribu siku ya salama hatatetemeka mkono siku ya msiba. Pishi ya mchumaji ni jasho lake, na mtu aliyepewa kuandika jasho la wenzake hana budi kulilinda.

Wenu katika kazi,
Katibu