Kutafuta gitare ya kifua cha kuvimba na franga kidogo



Tangu kwaya yetu ianze kukusanya franga za gitare, ulizo moja linarudi kila juma: tutafute ile gitare kubwa yenye tumbo tupu, kifua kilichovimba kama cha violoni, na matundu mawili yenye umbo la herufi f? Wengine wanasema ile iko ya matajiri. Wengine wanasema tununue ya kwanza tutakayoona sokoni. Franga hizi zimetoka katika mifuko ya wazazi wetu. Tukizipoteza, za pili haziko. Kwa hiyo tumeona vema kueleza jambo hili polepole.

Kwanza tujue iko kintu gani. Gitare ya kawaida ina kifua bapa na tundu moja la mviringo, na daraja lake limebandikwa kwa kole. Katika gitare ya kifua cha kuvimba, daraja halina kole. Nyuzi zinapita juu yake na kwenda kufungwa mkiani, mwisho wa mwili. Paka mkazo wa nyuzi njo unashika daraja mahali pake. Fundi Orville Gibson wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1898 kwa mandolini ya kuchongwa namna hiyo. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ilitoa gitare L-5 yenye matundu ya f. Wakati ule gitare ilitaka nguvu ya kusikika kati ya tarumbeta. Mwaka 1936 kampuni ile ile ilitoa ES-150 yenye mikro, na Charlie Christian akaipa sifa.

Hapa kwetu Kongo, Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1953, na anakumbukwa kwa kuleta gitare ya umeme. Lakini tusisahau kwamba mwaka mmoja mbele yake, 1952, Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, kule Jadotville, yaani Likasi, akaingiza sauti yake katika sahani. Bosco alipiga gitare ya kawaida isiyo na umeme, na sauti yake ilifika mbali sana.

Sasa, juu ya nini bei inapanda? Kifua cha bei kali kinachongwa toka ubao mzima, kazi ya siku nyingi. Kifua cha bei nafuu kinafanywa na tripleksi, yaani mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja na kukandamizwa mpaka zivimbe. Batu wengi wanadharau tripleksi. Sisi tunasema: tusidharau. Gibson ES-175 ya mwaka 1949, iliyopendwa na wapigaji wengi wa jazi, ilikuwa na kifua cha tripleksi. Tena hali ya hewa ya Katanga inatutetea. Mwezi wa sita na wa saba hewa inakauka sana. Kisha mvua inakuja na unyevu wake. Ubao mzima unapasuka upesi katika mageuzi haya. Tripleksi inavumilia.

Majina ya kutafuta: Harmony na Kay za Chicago, au Höfner na Framus za Ujerumani, kama ya zamani inapatikana kwa mpigaji anayeuza yake. Kati ya mpya iko Ibanez ya jamii ya Artcore, iliyoanza mwaka 2002. Lakini jina lililoandikwa kichwani si ushuhuda. Muuzaji atasema: « Iyi iko ya kweli, patron, uongeze tu kidogo. » Tusijibu upesi. Tushike gitare na kuipima hivi:

1. Tuangalie shingo kwa jicho moja, kama mtu anayelenga bunduki. Ikipinda kama upinde au ikijinyonga, tuiache.

2. Tuangalie kifua chini ya daraja. Kama kimezama, mbao za ndani zimeachana. Kazi ya kuzitengeneza inaweza kupita bei ya gitare.

3. Tuangalie shingo inapoungana na mwili. Ufa pale ni hatari.

4. Tupige uzi mtupu, kisha tuufinye kwenye chuma cha kumi na mbili. Sauti iwe ile ile, ila ya juu. Ikiachana, tusikatae bado: pengine daraja limesogea tu. Tulegeze nyuzi kidogo. Kama sauti ya kufinya imepanda mno, daraja lisogezwe kuelekea mkia. Kama imeshuka, lisogezwe kuelekea shingo. Muuzaji asiyejua hili atapunguza bei akifikiri gitare imeharibika.

5. Kama iko na mikro, tuisikilize ndani ya ampli, tukizungusha kila kifungo.

Tujue pia ubaya wake. Karibu na bafle kubwa, tumbo tupu linatetemeka na gitare inaanza kulia yenyewe. Dawa ni kusimama mbali na bafle, au kuziba matundu kwa kitambaa. Faida yake ni hii: umeme ukikatika katikati ya wimbo, gitare yenye tumbo nene bado inasikika, na kwaya haipotei. Na wakati wa kubadili nyuzi, tutoe mmoja mmoja. Tukizitoa zote, daraja linaanguka.

Shauri letu juu ya franga: tuzigawe mafungu kumi. Saba ni ya gitare, mawili ya nyuzi na fundi, moja ya safari, hata kama ni mpaka Kasumbalesa. Kama mafungu saba hayatoshi kwa gitare nzima ya kifua cha kuvimba, tununue ya kifua bapa yenye shingo nzuri, bila haya. Mbovu yenye umbo zuri itakaa ukutani, na kwaya itaimba bila kintu.

Katika Luka 14 Bwana anatukumbusha mtu wa mnara, anayekaa kwanza kuhesabu gharama. Siku ya mkutano wa kwaya, kila mmoja aje na shauri lake, tena aje na hesabu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.